Sista Megan hakukimbia

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mlichapisha barua ya msomaji aliyewaita watawa na mapadre wanaoingia kwenye viwanda vya silaha huko Marekani kupinga vita "wahalifu wenye rozari". Ndugu huyo anasema kazi ya muumini wakati wa vita ni kusali na kuwaachia wenye dola mengine yote, na akatukumbusha Warumi 13, pale Biblia inapotuambia tutii mamlaka. Kisha akamalizia kuwa mambo hayo ni ya Wazungu, sisi hayatuhusu. Naomba nafasi nimjibu. Mimi ni Mkatoliki, naishi Songea, na sisi watu wa Ruvuma yanatuhusu kuliko anavyodhani.

Aliyemtaja kwa dharau ni Sista Megan Rice. Huyu mama alizaliwa New York mwaka 1930, akaingia Shirika la Mtoto Mtakatifu Yesu akiwa na miaka 18, na kuanzia mwaka 1962 alifundisha Nigeria na Ghana kwa takriban miaka 40. Alikuwa mwalimu wa baiolojia huku huku Afrika. Aliporudi kwao alikuwa katika umri ambao wengi wetu tungemwambia apumzike, asali kivulini, awaachie vijana.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2012, akiwa na miaka 82, alipanda kilima chenye msitu nyuma ya kiwanda cha Y-12, huko Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Hapo ndipo Marekani inapohifadhi urani iliyorutubishwa kwa ajili ya silaha za nyuklia. Alikuwa na wenzake wawili, Michael Walli wa miaka 63 na Gregory Boertje-Obed wa miaka 57. Walibeba mikasi ya kukatia waya, nyundo, rangi ya kupuliza, mkate, mishumaa, Biblia, na damu ya binadamu waliyoitia kwenye chupa za kunyonyeshea watoto. Mabango ya pale yanaonya kuwa walinzi wanaruhusiwa kuua. Wakakata uzio baada ya uzio mpaka wakafika kwenye ukuta wa ghala lenyewe la urani, jengo lililogharimu zaidi ya dola milioni 500. Wakamwaga damu ukutani. Wakaandika kwamba tunda la haki ni amani, maneno yanayotoka Isaya 32. Wakagonga ukuta kwa nyundo hadi vipande vidogo vya zege vikadondoka. Kisha wakasubiri kukamatwa.

Ndugu yangu aliyeandika barua ile nampa changamoto atulie hapo kwenye kusubiri. Mwizi akimaliza kazi yake hutoweka. Mtu aliyetumwa na adui kufanya hujuma hawashi mshumaa ili aonekane vizuri. Mlinzi wa kwanza alipofika, watatu hao walimsomea ujumbe wao, wakamkaribisha mkate, wakaimba. Naye akaona ni wazee wasio na hatari kwa mtu, hakufyatua risasi.

Walishtakiwa, na Mei 2013 wakakutwa na hatia ya hujuma na ya kuharibu mali ya serikali. Februari 2014 Sista Megan alihukumiwa miezi 35, wenzake miezi 62 kila mmoja. Kabla ya hukumu alimwomba jaji asimhurumie kwa lolote, akasema kubaki gerezani maisha yake yote ingekuwa zawadi kubwa kuliko zote ambazo mahakama ingeweza kumpa. Mei 2015 mahakama ya rufaa ilifuta kosa la hujuma na wote watatu wakatoka. Alifariki Oktoba 2021 akiwa na miaka 91.

Sasa Warumi 13. Mtume Paulo aliyeandika tutii mamlaka iliyo kuu ndiye yule yule aliyeingia na kutoka magerezani, na baadhi ya nyaraka zake tunazosoma kila Jumapili aliziandika akiwa na minyororo. Petro na mitume wenzake walipokatazwa kufundisha walijibu, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu", wakachapwa, na kila siku wakaendelea kufundisha. Hawakuchoma baraza wala kumpiga askari. Mtu anayevunja amri moja ya serikali akiwa amesimama wazi, akataja jina lake, akanyoosha mikono afungwe pingu, huyo anaikubali sheria kiasi cha kulipa deni lake lote mbele yake. Anachokataa ni kuwa mshiriki wa mauaji. Nyundo nayo haikuokotwa njiani. Tangu Septemba 1980, watu wanane, wakiwemo ndugu wawili, Padre Daniel Berrigan na Philip Berrigan aliyewahi kuwa padre, walipoingia kiwanda kimoja huko King of Prussia, Pennsylvania, na kugonga vichwa vya makombora ya nyuklia, nyundo imekuwa ishara ya Isaya 2:4: "Nao watafua panga zao ziwe majembe, na mikuki yao iwe miundu." Sisi andiko hilo tunalisoma Majilio, tukijiandaa kwa Krismasi, tunaitikia, tunarudi nyumbani kupika. Wao waliamua lina mpini.

Kuna jambo moja katika kisa cha Oak Ridge ambalo ndugu yangu hakuligusa, nami sitalifunika. Mlinzi yule ambaye hakufyatua risasi alifukuzwa kazi. Watu watatu walikwenda kwa hiari yao wakijua watafungwa; yeye alikwenda zamu yake kama kawaida, akaishia hana ajira. Amani waliyoipigania ilianza kwa kumgharimu mfanyakazi mmoja ambaye hakuulizwa. Hilo linaniuma, na ningependa wanaofanya vitendo kama hivi walifikirie kabla ya kushika mkasi. Lakini aliyemfukuza si Sista Megan. Walimfukuza watu waliotaka bibi wa miaka 82 aelekezewe bunduki, na ukiutazama uamuzi huo kwa makini unaelewa kwa nini yule sista alikwenda pale.

Nisieleweke vibaya, sishangilii kila kilichofanywa kwa jina la amani. Mei 1968, wakati wa vita vya Vietnam, watu tisa waliingia ofisi ya uandikishaji wa jeshi huko Catonsville, Maryland, wakatoa nje mafaili 378 ya vijana waliokuwa wakisubiri kupelekwa vitani, wakayachoma kwa napalm, yale mafuta mazito ya mabomu ya moto, waliyoitengeneza wenyewe. Walizunguka moto ule wakisali Baba Yetu hadi polisi wakaja. Sehemu hiyo naikubali yote. Lakini rufaa zao ziliposhindikana mwaka 1970, baadhi yao walijificha badala ya kwenda gerezani. Padre Daniel Berrigan alijificha miezi kadhaa, na muuguzi Mary Moylan akakaa mafichoni hadi mwaka 1979. Najua walikuwa na sababu zao, kwamba dola inayoua haistahili kupewa utii hata wa kifungo. Mimi naona ushahidi wa imani unapungua nguvu pale shahidi anapoondoka kizimbani.

Ila ndugu yangu amsikilize huyo Mary Moylan kabla ya kusema haya ni ya Wazungu. Kilichomfikisha Catonsville kilianzia Uganda, alikokuwa akifanya kazi ya uuguzi. Mwaka 1965 ndege za Kimarekani zilizokuwa zikitumika katika vita vya Kongo zilidondosha mabomu kwenye vijiji vya West Nile, ndani ya Uganda. Mahakamani alilieleza hilo. Aliona vita vya nchi yake vikiwaangukia watu aliokuwa akiwatibu, akaona hawezi tena kujifanya hajui.

Na isidhaniwe kwamba ni mambo ya Wakatoliki peke yao. Nani kwetu hamjui Muhammad Ali? Tarehe 28 Aprili 1967, huko Houston, jina lake liliitwa apige hatua mbele kuingia jeshini, akabaki amesimama alipo. Alisema dini yake ya Kiislamu haimruhusu kwenda kuua Vietnam. Walimnyang'anya mkanda wake, wakamhukumu miaka 5 jela na faini ya dola 10,000, akakosa ulingo katika miaka ambayo mwanamasumbwi huwa na nguvu zake zote. Naye hakukimbilia nchi nyingine. Alipambana mahakamani hadi Juni 1971, Mahakama Kuu ya Marekani ilipofuta hukumu ile. Vijana wetu wanazijua ngumi zake zote, lakini hatua ile moja aliyokataa kuipiga hatuwasimulii vya kutosha.

Jirani zetu nao wamefanya. Kaskazini mwa Uganda, wakati waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, wakiteka watoto usiku, maelfu ya watoto walikuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini Gulu, barazani na kwenye stendi ya mabasi. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini, Wakristo na Waislamu, walitoka na magunia ya kulalia, wakalala nje pamoja na watoto hao. Mmoja wao, Askofu Macleod Baker Ochola wa Kanisa la Anglikana, alikuwa amempoteza mke wake kwa bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997, na bado alikuwa akihimiza msamaha na mazungumzo. Hapo hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini askofu anayelala kwenye lami ameshatoka kwenye ile dini ya kusali na kuwaachia wenye dola.

Nimesema mambo haya yanatuhusu, na sasa nieleze kwa nini. Kiwanda kile cha Y-12 alichoingia Sista Megan kilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kutenganisha urani ya bomu la kwanza la nyuklia kutumika vitani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili hiki hiki. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yale hadi New York mwaka 1940. Wachimbaji Wakongo waliyabeba kwa mikono bila kuambiwa ni ya nini. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lile lilidondoshwa Hiroshima, na kwa makadirio hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Kwa hiyo ukuta ule uliopigwa nyundo na mwalimu aliyezeekea Afrika umesimama kwenye kiwanda ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa ni udongo wa Afrika.

Nasi Ruvuma tunayo urani. Iko Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo. Mwaka 2012 mpaka wa Hifadhi ya Selous ulirekebishwa kwa kibali cha Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ili mgodi upate nafasi, na mradi uko mikononi mwa Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi, nchi yenye silaha za nyuklia kwa maelfu. Tunaambiwa urani hiyo ni ya umeme. Simwiti yeyote mwongo. Nasema watu wa Shinkolobwe hawakuuliza kwa sababu hawakupewa nafasi ya kuuliza, na sisi nafasi hiyo tunayo. Makanisa na misikiti ya mkoa huu inaweza kuuliza itauzwa kwa nani, kwa masharti gani, na nani atakagua. Papa Fransisko alisema akiwa Hiroshima, Novemba 2019, kwamba hata kumiliki tu silaha za nyuklia ni kinyume cha maadili. Sijasikia mahubiri juu ya kauli hiyo katika kigango changu.

Hatuhitaji kukata uzio wa mtu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia ulianza kutumika tarehe 22 Januari 2021, na Tanzania ilitia saini tangu Septemba 2019. Ndugu Mhariri, nawaomba mtume mwandishi wenu Wizara ya Mambo ya Nje akaulize suala la kuuridhia limefikia wapi, na mtuchapishie jibu. Maaskofu, mashehe na wachungaji wa Ruvuma nao nawaomba waandike barua ya pamoja kuuliza hilo hilo. Mimi nitaisambaza Namtumbo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Songea