Usiipake mafuta taishokoto ya babu

Kijana mmoja kutoka Kisauni alituletea kitu kwenye karakana yetu ya kutengeneza ala za muziki, kimefungwa kwenye kanga kuukuu. Akakilaza mezani polepole, akasema, "Ami, hii imetoka sandukuni kwa babu. Mama asema ni ya taarab, lakini mimi naona ni taipureta iliyozaa na gitaa."

Hakukosea sana. Kabla kanga haijafunguka yote, harufu ya mafuta ya nazi ilikuwa ishatufikia puani. Nikamuuliza, "Umeipaka?" Akajibu kwa fahari, "Vitufe vilikuwa vimegoma, ami. Nikavitia mafuta kidogo, sasa vyashuka vizuri." Nikabonyeza kimoja. Kweli kilishuka vizuri. Kupanda ndiko kulikokishinda.

Basi haya ni kwa kila aliye na taishokoto, ala ya nyuzi yenye vitufe, uvunguni (wengine husema taishokota, wengine tashkota, sote twaelewana) na anafikiria kuitibu mwenyewe kabla ya kutuletea. Mengine fanya. Mafuta acha.

Kwanza ujue unacho nini. Ala hii ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na mwanamuziki aitwaye Goro Morita. Mwaka huo ndio ulioanza enzi ya Taisho kule kwao, na jina likatoka hapo: koto ya Taisho. Koto yenyewe ni ala yao ya zamani ya nyuzi, ndefu, hulazwa chini ikapigwa kwa vidole. Morita alichukua vitufe mfano wa vile vya taipureta akavipandisha juu ya nyuzi. India wakaipokea, wakaiita bulbul tarang, na wengi wao husema banjo tu, wakaiongezea nyuzi za kuvuma pembeni. Wabaluchi wana yao, benju. Huku kwetu iliingia kwenye taarab, na Mombasa ndiko ilikopata wapenzi. Ukisikiliza kanda za mwimbaji Zuhura Swaleh utaisikia: ile sauti kali inayochachatika juu ya ngoma, kama udi uliokunywa kahawa chungu vikombe vitatu.

Ndani hakuna uchawi. Ni sanduku la mbao lenye uwazi, na juu yake nyuzi za chuma. Chini ya nyuzi zimepangwa freti kama za gitaa, na juu ya nyuzi kuna vitufe vya duara, mara nyingi vimeandikwa namba 1 mpaka 7. Mkono wa kushoto hubonyeza, wa kulia hupiga kwa risha, kile kipande chembamba cha kukwaruzia nyuzi. Kitufe kikishuka, kiguu chake cha chuma huubana uzi juu ya freti. Ukikiachia, springi hukirudisha. Ndiyo maana mtu asiyejua gitaa wala udi anaweza kuokota wimbo mchana mmoja. Wapo wanaoidharau kwa sababu hiyo hiyo, wakaiita kichezeo. Mimi naona ala inayomkubali mgeni haraka ina adabu.

Sasa turudi kwenye mafuta. Kitufe kinapanda na kushuka ndani ya kitundu chembamba. Nyingi zina pia vipande vya kitambaa cha sufu vinavyozuia chuma kisigonge chuma. Ukitia mafuta, siku ya kwanza unafurahi. Kisha sufu inayanywa, vumbi linakuja kukaa, na baada ya muda unapata uji mweusi kama grisi ya baiskeli. Mafuta ya nazi yana balaa lake la ziada: yakipoa chini ya nyuzijoto 24 hivi huanza kuganda. Usiku wa Julai, hata hapa Mombasa, dirisha likiwa wazi, yanaganda. Ndiyo maana kijana wetu aliniapia kwamba vitufe "huamka vibaya asubuhi, jua likitoka vyapona". Alidhani ni jini la babu.

Na mafuta ya cherehani je? Hayagandi, lakini yanatambaa. Yanafika kwenye nyuzi, na uzi wenye mafuta hushika vumbi, ukapiga kama umefungwa kitambaa.

Tunachofanya sisi ni hiki. Tunafungua ubao wa vitufe, tunaondoa kimoja kimoja na kukibandika karatasi yenye namba, maana vitufe vinaonekana sawa lakini kila kiguu kimeshazoea kitundu chake. Chuma tunakisafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani. Sufu iliyokunywa mafuta haifuliki, tunaweka mpya. Springi iliyoliwa na chumvi ya bahari tunabadilisha; iliyolegea tu tunaivuta kidogo ikarudi kazini. Mwisho tunakwangua penseli laini nyeusi, ile ya kuchorea, tukatia unga wake ndani ya vitundu. Unga wa penseli unateleza na haunati. Hilo hata wewe waweza kulifanya nyumbani, kabla hujaikimbilia chupa ya mafuta.

Kosa la pili linalotuletea wateja ni nyuzi. Mtu anakwenda dukani, haulizi nyuzi za taishokoto kwa sababu hazipo, anapewa za gitaa. Si dhambi, sisi wenyewe twatumia za gitaa. Ila namba, yaani unene wa uzi, ndiyo kila kitu. Uzi mwembamba wa kwanza, namba 9 au 10, hufaa kwa nyuzi za melodi. Muuzaji akikupa namba 13 akisema "hii ngumu zaidi, haikatiki", mwachie. Ukitaka sauti ile ile kwenye urefu ule ule, mvuto unakua kwa mraba wa unene: kutoka namba 9 kwenda 13, mvuto unapita mara mbili. Na nyuzi hizo si moja, ni kadhaa, zote zinalivuta sanduku la mbao nyembamba lililobuniwa kwa mzigo mdogo. Tumeona ubao uliopinda hadi vitufe vya katikati havifiki kwenye freti, vya mwisho vinaigusa bila kubonyezwa. Kuunyoosha ubao kama huo ni kazi ya wiki mbili na haifaulu kila mara. Kubadilisha nyuzi ni kazi ya saa moja.

Lingine ambalo watu huliita ugonjwa, nalo ni kutuni tu, yaani kulinganisha sauti za nyuzi: "Inapiga mawimbi." Nyuzi za melodi hufungwa sauti moja na hubanwa pamoja na kitufe kimoja. Moja ikitikisika mara 440 kwa sekunde na jirani yake 442, utasikia sauti inavimba na kunywea mara mbili kila sekunde. Pakua programu yoyote ya kupimia sauti kwenye simu. Ziba uzi mmoja kwa kipande cha karatasi, funga wa pili mpaka mshale ukae katikati, kisha zibua, ufunge wa kwanza kwa sikio mpaka mawimbi yaishe. Usifunge nyuzi zote mbili kwa simu; sikio hapo ni kali zaidi. Usije kwetu kwa hilo, tutaona haya kukutoza.

Ikiwa yako ya umeme na inanguruma kwenye amplifaya, jaribu kwanza kebo nyingine. Ikiendelea, huenda waya wa ethi umeng'oka kwenye jeki, lile tundu la kuchomekea kebo, na hiyo ni solda ya dakika kumi. Isiyo na pikapu, yaani kinasa sauti ya nyuzi, twaweza kuitia bila kutoboa ubao. Mbinu si ngeni: kule Kinshasa, bendi ya Konono No. 1 walijitengenezea pikapu za likembe, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwa sumaku zilizotoka kwenye magari makuukuu, na dunia nzima ikacheza.

Siku hizi tunaletewa na vidude vingine, maana watu wananunua mtandaoni. Kalimba za vyuma 17, jamaa za hiyo likembe, ndizo nyingi. Hizo zikipotea sauti hazijaharibika, chuma kimesogea tu. Kigonge kidogo kutoka nchani kuelekea kwenye daraja, sauti inapanda. Kirudishe nje, inashuka. Kinyundo huja nayo kwenye boksi, wateja hudhani ni zawadi ya mtoto. Dada mmoja alituletea ilimba ya Kigogo, ndugu ya kalimba, aliyoinunua Dodoma, akataka tuiondolee ule mvumo kama wa nyuki. Tukamwomba asituhimize kufanya hivyo. Mvumo huo umetengenezwa makusudi, kuna utando wa buibui umebandikwa kwenye tundu ili sauti iwe na miba. Akasikiliza tena, akaondoka nayo bila kulipa kitu, na sisi tuliridhika.

Stylophone, kile kidude cha Uingereza cha miaka ya 1960 kinachopigwa kwa kalamu ya chuma, kikikatakata dawa yake ni pamba yenye spiriti juu ya bamba. Kalamu inapogusa bamba ndipo umeme unapita, na uchafu huzuia. Hapo pia usitie mafuta. Otamatone, ile ya Kijapani iliyoanza kuuzwa 2009, yenye umbo la nota na mdomo unaobinywa, tunabadilisha betri na kuunga waya. Utepe wa shingoni ukichoka, kwa kweli nunua nyingine.

Bei. Kusafisha vitufe na sufu mpya ni shilingi 3,500. Nyuzi mpya na kutuni, 1,500. Pikapu, 2,500 pamoja na jeki. Ubao uliopinda tunauangalia kwanza bure, kisha tunakuambia ukweli, hata ukiwa ni kwamba itundike ukutani. Kutoka Lamu au Malindi unaweza kuituma kwa basi, lakini legeza nyuzi zote mzunguko mmoja kabla ya kufunga boksi, na ujaze nguo chini ya vitufe visipigane njiani.

Ile ya Kisauni ilikaa kwetu siku tisa. Mafuta yalikuwa yamefika hadi kwenye freti. Shida kubwa ikawa nyuzi, kwa sababu kijana alizing'oa za zamani akazitupa, na hatukujua babu alikuwa akifunga unene gani. Bahati nzuri mabaki ya uzi mmoja, kama urefu wa kidole, yalikuwa bado yamejiviringisha kwenye kigingi. Tukayapima: namba 9. Kwa hiyo ukija, njoo na risha kama ipo, njoo na kisanduku chake, na nyuzi zilizokatika zitie kwenye bahasha, hata zikiwa zote kutu.