Anayesema hoja ni batili atuonyeshe mstari

Ndugu Mhariri,

Neno "batili" limekuwa jepesi mno katika kurasa za maoni. Msomaji akichukizwa na hitimisho la mwenzake, hoja nzima huitwa batili. Likimpendeza, hoja "ina mantiki". Uhalali wa hoja haupimwi kwa hisia wala kwa wingi wa wanaokubali. Kwa hoja zinazosimama juu ya maneno kama "na", "au", "si" na "ikiwa", kipo kipimo kiitwacho jedwali la ukweli, yaani orodha ya hali zote zinazowezekana, kila hali kwa mstari wake, ambacho yeyote mwenye kalamu na karatasi anaweza kukifanya, na jibu lake halibadiliki kwa kubadilika mpimaji. Ombi langu kwenu ni dogo: anayeandika kwamba hoja ya namna hiyo ni batili aulizwe ni mstari upi unaoiangusha.

Hoja ni halali iwapo haiwezekani kauli tangulizi, zile zinazotolewa kuunga mkono hitimisho, zote ziwe kweli na papo hapo hitimisho liwe uongo. Hapo hapajasemwa kwamba kauli hizo ni kweli. Hoja halali inaweza kujengwa juu ya uongo mtupu, na hoja batili inaweza kuangukia kwenye ukweli kwa bahati tu. Wanaojibizana magazetini huyachanganya haya mawili: mmoja huonyesha kwamba kauli ya mwenzake si kweli, akadhani amebomoa uhalali. Amebomoa kitu kingine.

Tuchukue hoja hii: "Ikiwa bei ya mafuta imepanda, basi nauli imepanda. Nauli imepanda. Kwa hiyo bei ya mafuta imepanda." Kauli ya mafuta iwe M, ya nauli iwe N. Tunapata M → N (mshale husomwa "ikiwa M, basi N"), kisha N, na hitimisho M. Kila herufi inaweza kuwa kweli (K) au uongo (U), kwa hiyo mistari ya jedwali ni 4: KK, KU, UK, UU. Kauli ya "ikiwa" huwa uongo mahali pamoja tu, pale sehemu ya kwanza ni K na ya pili ni U. Sasa tazama mstari wa tatu: M ni U, N ni K. M → N ni kweli, N ni kweli, hitimisho ni uongo. Huo ndio mstari ninaouzungumzia. Hatuhitaji kujua nauli ilipanda kwa nini. Inatosha kwamba umbo la hoja linairuhusu hali hiyo. Badili kauli ya pili iwe "nauli haijapanda" na hitimisho liwe "bei ya mafuta haijapanda": mstari pekee wenye tangulizi zote kweli ni wa nne, na humo hitimisho nalo ni kweli. Hoja imepita.

Wengi hukwama hapo hapo, kwa nini M → N ihesabiwe kweli wakati M ni uongo. Ubishi huo ni wa kale. Mgiriki Philo wa Megara aliutetea msimamo huu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na kuna waliompinga. Ifikirie kauli hiyo kama ahadi. Nikisema "ukija kesho nitakulipa", nawe usije, basi nikulipe nisikulipe, ahadi sijaivunja. Maelezo haya hayamalizi ubishi, ila yanatosha kwa kazi ya kupima. Yanakoma kwenye -ngali- na -nge-. "Ningalijua, nisingalikuja" haifai kutiwa kwenye jedwali, kwa kuwa sehemu ya kwanza tayari inachukuliwa kuwa haikutokea, na jedwali lingeipa kweli hata "ningalijua, ningalikuja". "Kwa sababu" nayo haipimiki hivyo: kujua kwamba alifeli na kwamba aliugua hakukwambii kama alifeli kwa sababu aliugua.

Kujaza jedwali ni kazi ya karani. Hoja nyingi huharibikia kabla ya hapo, katika kuhamisha sentensi kwenda kwenye alama, na Kiswahili kina mitego yake ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyingine haviitaji.

Mtego mkubwa kuliko yote ni mshale uliogeuzwa. "Ukilipa ada utapata cheti" ni L → C. "Ukilipa ada ndipo utapata cheti" ni jambo jingine: malipo yamefanywa sharti, hayajaahidiwa kutosha, kwa hiyo ni C → L. Katika kundi hilo weka "hupati cheti bila kulipa ada", "hupati cheti mpaka ulipe" na "cheti hupewa waliolipa tu". Zote zinasema kwamba mwenye cheti amelipa; hakuna inayosema kwamba aliyelipa atakuwa na cheti. Anayeziandika L → C atajaza jedwali lake bila kosa hata moja na kupata jibu sahihi la hoja ambayo hakuna aliyeitoa. Tena -ki- si sharti kila mara: katika "nilimwona akilia" hamna "ikiwa" yoyote.

Mtego wa pili ni ukanushi. Alama ¬ ni "si", & ni "na", ∨ ni "au". Ukiambiwa kuhusu Asha (A) na Juma (J) kwamba "hawakuja wote", umeambiwa nini? Wengine husikia kwamba hakuja hata mmoja, yaani ¬A & ¬J. Wengine husikia kwamba hawakutimia, yaani ¬(A & J), ambayo ni sawa na ¬A ∨ ¬J. Akija Asha peke yake, ya kwanza ni uongo na ya pili ni kweli. Mabano hapo si pambo. Mwandishi mwangalifu ataandika "hakuja hata mmoja" au "si wote waliokuja", na mpimaji mwangalifu asiyekuwa na uhakika atazipima zote mbili. "Wala" haina shida hiyo: "hakusoma wala hakuandika" ni kanushi mbili zilizofungwa kwa "na", ingawa kuna wanaoiandika kwa alama ya "au".

Kuhusu "au" yenyewe, jedwali huihesabu kweli hata pande zote mbili zikiwa kweli. Wapo wanaoamini kwamba "ama" iliyotangulizwa inakataza hali hiyo. Haikatazi. "Ama pampu ni mbovu au tangi ni tupu, pampu ni mbovu, kwa hiyo tangi si tupu" ni batili, maana pampu inaweza kuwa mbovu na tangi likawa tupu siku hiyo hiyo. Kama msemaji alikusudia moja tu kati ya mbili, aongeze ¬(P & T), na hoja itasimama. Kumwongezea mwenyewe bila yeye kusema ni kumtetea, si kumpima.

"Lakini", "ingawa" na "hata hivyo" zote ni "na". Mshangao wake haubadili mistari. Mwisho katika hili, herufi moja ni ya kauli moja tangu mwanzo hadi mwisho. "Si tajiri" usiiandike kama "ni maskini", kwa kuwa kuna wasio huku wala kule.

Idadi ya mistari huongezeka maradufu kwa kila herufi mpya: herufi 3 ni mistari 8, 4 ni 16, 5 ni 32, na 10 ni 1,024. Usiijaze kwa kubahatisha. Kwa herufi 3, safu ya kwanza ni K nne kisha U nne, ya pili ni mbili mbili, ya tatu ni K, U, K, U hadi chini. Anayejaza kwa mpangilio wa kichwani huruka mstari, na mstari mmoja uliorukwa unatosha kuifanya hoja batili ionekane halali. Kinyume chake si kweli: ukishaupata mstari mmoja unaoangusha, acha mengine, kazi imekwisha. Jedwali kwa namna tunayolitumia leo lilienezwa na mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein na mwanahisabati Emil Post, kila mmoja kwa upande wake, mwaka 1921, na kwa herufi nyingi hata wao wasingependa kulijaza lote.

Ndiyo maana wanaopima mara kwa mara huanzia mwisho. Hoja: P ∨ T, P → N, ¬N, hitimisho T, yaani ama pampu ni mbovu au tangi ni tupu, pampu ikiwa mbovu taa nyekundu inawaka, taa haiwaki, kwa hiyo tangi ni tupu. Jaribu kuiangusha kwa kuipa T thamani ya U na tangulizi zote K. ¬N ikiwa K, N ni U. P → N ikiwa K na N ni U, P lazima iwe U. Lakini P na T zote zikiwa U, P ∨ T ni U, nasi tuliipa K. Jaribio limejifunga lenyewe; mstari wa kuiangusha haupo, na hoja ni halali, bila kuandika mistari 8. Shida hutokea hitimisho linapokuwa na "na" ndani yake. A & B huwa uongo kwa njia 3, na ukifunga njia moja ukatangaza ushindi umekosea; zifunge zote.

Kabla ya kushangilia hoja iliyopita, angalia kama tangulizi zake zinaweza kuwa kweli kwa pamoja katika mstari hata mmoja. Zikipingana, hoja huwa halali kwa hitimisho lolote utakaloibandika, kwa kuwa hakuna mstari ambao tangulizi zote ni kweli. Mwanasiasa anayejipinga katika hotuba moja anaweza kukuthibitishia chochote, na kinyume chake pia.

Jambo moja ni la kuwazuia hata wanaojua jedwali wasilitumie kama rungu. Jedwali likisema halali, hoja ni halali. Likisema batili, limesema tu kwamba uhalali hautoki kwenye "na", "au", "si" na "ikiwa". "Wote waliofaulu walisoma, Asha alifaulu, kwa hiyo Asha alisoma" haina dosari yoyote, lakini kwenye herufi inakuwa P, Q, kwa hiyo R, na mstari wa K, K, U unaiangusha. Hoja ya namna hiyo inadai alama za "kila" na "baadhi", nazo hazina jedwali la kujazwa hadi mwisho.

Ni mimi,
Mwalimu wa mantiki