Malalamiko kuhusu cheti cha usalama wa jengo letu la Raskazone

Meneja,
Kampuni inayosimamia jengo,
Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA CHETI CHA UIMARA WA JENGO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangaji wa ghorofa ya kwanza, na ninapinga cheti mlichokibandika ukutani wiki iliyopita, kinachosema kwamba jengo ni imara na linafaa kukaliwa.

Nguzo iliyo karibu na tangi la maji, chini kabisa, imepasuka wima kufuata nondo. Plasta ilipodondoka mwezi uliopita niliona nondo iliyoliwa na kutu hadi maganda yake yanabanduka kwa ukucha, na zege lililoifunika halikufika unene wa kidole. Sisi wa pwani tunaijua chumvi: ikishapenya kwenye zege, ama kwa upepo wa bahari ama kwa mchanga wa ufukweni uliotumika bila kuoshwa, chuma hushika kutu, na kutu hiyo hutaka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulipasua zege kutokea ndani. Mafundi wenu waliuziba ufa huo kwa saruji wakaupaka rangi, siku mbili kabla ya mkaguzi kufika.

Mkaguzi alikaa nusu saa. Hakupima zege kwa nyundo yake maalumu, hakukata sampuli ya kupeleka maabara, wala hakuuliza michoro. Cheti chake hakina muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na hakisemi kilipimwa nini.

Wanangu watatu wanalala chumba kilicho juu ya nguzo hiyo. Tangu ghorofa liporomoke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, kila nikisikia kokoto ikidondoka usiku naamka kuwatazama.

Naomba nguzo iwekewe egemeo la muda mara moja, saruji mpya ibanduliwe, na mhandisi mshauri aliyesajiliwa apime upya, kisha taarifa yake kamili apewe kila mpangaji. Kodi yangu nimeilipa hadi mwisho wa Juni na risiti ninazo. Sitafuti upenyo wa kukwepa deni.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitaifikisha barua hii kwa Halmashauri ya Jiji la Tanga na kwa Bodi, pamoja na picha za nguzo nilizopiga kabla ufa haujazibwa. Nakala zake nimeziambatanisha.

Wako mwaminifu,
Mpangaji, ghorofa ya kwanza