Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mizani Zetu

Wanachama wenzangu wa masoko ya Kongowea na Marikiti hapa Mombasa, hamjambo.

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi nitakaa kwenye mizani, kwa sababu malalamiko yaliyotuuma zaidi mwaka huu ni ya wateja wanaosema wamepunjwa.

Anayepunja kwa makusudi ni mwizi, na chama hakitamtetea. Lakini mizani isiyotunzwa hupunja vilevile, hata mwenyewe akiwa na nia safi. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na springi hushika kutu. Ikibebeshwa mizigo inayozidi uwezo wake hulegea, na mshale haurudi tena kwenye sufuri. Tuseme mshale umesimama kwenye gramu 50 kitanga kikiwa kitupu. Anayenunua kilo moja ya dengu anapoteza sehemu moja katika ishirini. Anayenunua robo anapata gramu 200, yaani amepoteza sehemu moja katika tano. Mwenye pesa kidogo ndiye anayeumia zaidi, na ndiye mteja wetu wa kila siku.

Kwa hiyo, kila asubuhi kabla ya kuuza, futa kitanga, hasa chini yake, ambako unga na vumbi huganda. Hakikisha mizani imekaa sawasawa, haijainama upande. Tazama sufuri. Pima jiwe la kilo 1, kisha la kilo 5. Ya dijitali ijaribu kwa jiwe lilelile katikati na kwenye pembe zote nne. Ikisoma tofauti, usiuzie. Asiye na jiwe apime chupa tupu, aijaze lita moja ya maji safi, apime tena: tofauti iwe karibu kilo moja. Jaribio hili huonyesha kosa kubwa tu, halichukui nafasi ya ukaguzi. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri wa serikali. Fundi akishaifungua, irudishe kwa mkaguzi kabla ya kuuzia.

Kuhusu viazi, kanuni za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kikomo, humpunja mkulima, na hamali anayeipandisha mgongoni huumia uti. Tusiipokee, hata dalali akishusha bei.

Hongo nayo. Sheria ya Hongo ya 2016 haiwahusu maafisa wa serikali peke yao. Biashara za watu binafsi zimo pia, na zinatakiwa kuwa na utaratibu wa kuizuia. Mwenye wadhifa akijua au akishuku kuna hongo anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24. Mkaguzi akidai "chai", omba risiti rasmi, andika siku na saa, kisha ulete kwa katibu siku hiyohiyo. Ukilipa kimya, kesho atamwendea jirani yako.

Naomba mkutano huu uidhinishe ununuzi wa seti moja ya mawe yaliyokaguliwa, ya gramu 100 hadi kilo 10, na mizani moja ya chama yenye muhuri, viwekwe ofisini. Mteja akisema amepunjwa, mzigo wake upimwe upya hapo mbele ya macho yake, na upungufu ajaziwe papo hapo bila kubishana naye.