Filamu zetu fupi: yaliyobaki kabla ya Ijumaa

Asalaam aleikum ndugu zangu. Skrini imepatikana, na uwanja hapa Kikwajuni tumeruhusiwa kuutumia Ijumaa na Jumamosi. Tunaanza saa mbili na nusu usiku, watu wakishasali Isha.

Suala ni sauti. Filamu nyingi mlizoleta picha zake nzuri mno, lakini maneno hayasikiki, upepo tu. Ukiwa chumbani na spika za masikioni utaona sawa. Uwanjani, watoto wanapiga kelele na vespa zinapita, hakuna atakayefahamu kitu. Rudini kwenye uhariri, punguzeni muziki (jamani, muziki!) na pandisheni mazungumzo. Aliyekwama aje kwangu Jumatatu baada ya Magharibi, tutakaa pamoja.

Faili ziwe MP4, kwenye flashi, dakika 15 mwisho pamoja na orodha ya majina. Msinitumie humu WhatsApp, inabana picha mpaka sura hazitambuliki. Jumanne asubuhi nazipeleka zote Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni wazikague kwanza, kwa hiyo filamu itakayochelewa haitaoneshwa, hata iwe ya nani.

Wanaoniuliza kama tutafika Tamasha la Nchi za Jahazi, yaani ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar: hilo wataamua wenyewe, na Ngome Kongwe wanakooneshea haikimbii. Mimi nataka kwanza majirani zetu watuone.

Muuza urojo keshakubali kuja. Bado tunatafuta mikeka na jenereta ya akiba, umeme wetu mnaujua. Mwenye navyo aandike hapa leo.