GPA ndogo isiwe sababu ya kutufungia milango

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee vijana waliomaliza chuo na GPA ndogo, yaani wastani mdogo wa alama kati ya tano, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Nina shahada ya uhasibu yenye GPA ya 2.4, na sitafuti wa kumlaumu. Mwaka wa pili nilizembea.

Naelewa vyuo vikuu vinapodai 3.8 kwa wanaotaka kufundisha. Kisichoniingia akilini ni tangazo la karani wa stoo, hapa hapa Tabora, lililotaka 3.5. Nilipopeleka maombi, mhusika aliutazama mstari wa mwisho wa matokeo yangu, akairudisha karatasi ndani ya bahasha bila kuniuliza swali hata moja. Mbona Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachosimamia ajira za utumishi wa umma, huwapa waombaji mtihani wa mchujo kwanza, ndipo ikawaita kwenye usaili wa ana kwa ana?

Msimu uliopita nilipata kibarua katika chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Katibu hakutaka kujua GPA yangu. Alinikabidhi daftari ambalo hesabu zake zilikuwa zimegoma kuwiana, akaniambia niitafute tofauti kabla ya jioni. Saa tisa nilikuwa nimeipata: robota moja lilikuwa limeandikwa mara mbili, kwa kalamu za rangi tofauti.

Nawaomba waajiri wa mkoa huu watupe kwanza daftari la namna hiyo, kisha ndipo wafungue bahasha.

Mhitimu asiye na ajira,
Tabora.