Futari za hotelini: mlaumuni mwenye meza, si mgeni

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya futari za hoteli kubwa hapa Pwani, iliyotuita sisi wateja walafi tunaojaza sahani na kuacha nusu, imeniudhi. Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia. Lakini mwandishi wenu alimhoji meneja, akamhoji na mpishi mkuu, na hakumtafuta hata mtu mmoja aliyelipia chakula hicho.

Mimi nilikuwako Ramadhani iliyopita, katika hoteli ya nyota tano, kwa hisani ya mwanangu. Tangazo lilisema ule mpaka utosheke. Tulikuwa mamia ya watu, sote tumefunga, sote tunangoja adhana moja. Ilipoadhiniwa, tukaelekezwa kwenye foleni moja! Na hiyo foleni imepangwa kwa akili: mwanzo mikate, kisha saladi, viazi vya karai, wali mweupe, tambi. Ukifika kwenye biriani ya mbuzi sahani haina pa kuweka. Mwisho kabisa ndipo kuna kamba, na hao hujipakulii, amesimama kijana na koleo, anakwambia, "Wawili wawili, mama." Viazi tujipakulie tutakavyo, kamba tugawiwe kama dawa ya hospitali. Niliporudi mara ya pili chombo kilikuwa kitupu, na moto chini yake ungali unawaka. Sasa mtu aliyeona hayo akijaza sahani mara ya kwanza, huo ni ulafi au ni hesabu? Mimi nimesimamia jiko la shule ya bweni mpaka nikastaafu. Watoto waliojua kuna nyongeza hawakuwa wakijaza sahani. Waliojaza ni wale waliochelewa siku moja wakakosa.

Nikaomba kikasha cha kubebea kaimati zilizonibakia. Nikaambiwa haifai, eti usalama wa chakula. Usalama gani? Chakula cha moto hakitakiwi kushuka chini ya nyuzi 60, na samaki wao wa kupaka alikuwa vuguvugu nilipomfikia, kifuniko kimeachwa wazi tangu Magharibi. Huyo ni salama, ila kaimati zangu ni hatari. Zikaenda kwenye pipa mbele ya macho yangu, na meneja huyohuyo ndiye analia gazetini kwamba chakula kinatupwa.

Na maji, Mhariri! Maji ya kunywa hayamo katika bei. Mtu amefunga kutwa nzima kwa joto la Mombasa, kisha unamuuzia chupa ya maji. Bili ikaja na VAT asilimia 16, ushuru wa utalii asilimia 2, na malipo ya huduma juu yake, vitu ambavyo tangazo liliviandika kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Kama kweli wanataka chakula kisitupwe, waondoe hizo meza ndefu. Wapakue sinia, watu wanne kwa sinia moja, biriani juu na kamba wao wamo humohumo, kama tunavyofanya kwenye harusi zetu. Mkimaliza mwaongezwa. Msipomaliza mwafungiwa mkale daku. Na kijana wa koleo apewe jagi la maji azunguke nalo.

Mpishi mstaafu,
Kibokoni, Mombasa